Mtunzi ni Nyabise

Habari ya kifo cha Mwalimu Magesa ilinikuta Tunduma, nikiwa nimekaa juu ya magunia ya mchele nikisubiri lori livuke mpaka. Aliyeandika ujumbe ni binti yake, Nyabise, na aliandika kwa kifupi kama alivyokuwa akiongea tangu utotoni: "Baba amepumzika. Tumemzika Kiriba juzi. Tuliimba sauti zote nne." Dereva aliniona nimeinamia simu muda mrefu, akauliza kama nimefiwa. Nikamwambia nimefiwa na mwalimu. Akasema pole sana, kisha akaniomba kiberiti. Sikuwa na mtu mwingine wa kumweleza pale, na labda ndiyo maana ninaandika sasa. Nimekaa katika miji mingi kuliko inavyomfaa mtu wa umri wangu. Nimechimba, nimeuza vipuri, nimelinda maghala, na kila mji niliofika, kabla sijapata hata chumba cha kulala, niliuliza kwaya inafanya mazoezi siku gani. Nikishajua hilo, ninajua Jumapili nitakula kwa nani, na nikiugua nani atakuja kubisha hodi. Ufundi huo wa kuishi sikuzaliwa nao. Nilipewa Musoma, katika mwaka mmoja tu, na waliponipa hawakujua kwamba wananipa.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne Mpanda, nasubiri matokeo ambayo sikuyategemea sana. Mwalimu Magesa alikuwa amefundisha kwetu kabla ya kuhamishwa kurudi kwao Mara, na alinikumbuka kwa sababu ya koo langu. Ujumbe wake ulifika kwa mdomo wa mtu aliyekuja kununua asali. "Anasema hivi: sauti ya kwanza anazo mpaka za kugawa, besi anao wavuvi, sauti ya tatu anaye mmoja tu. Anasema uende." Nilikwenda. Watu husafiri mbali kufuata kazi au mchumba. Mimi nilipanda treni ya Mpanda kwenda kujaza nafasi ya mstari wa tatu. Treni ile ilikuwa inasimama porini bila sababu, watu wakishuka kuchuma matunda na kupanda tena. Tabora nililala kwenye benchi la stesheni mpaka treni ya Mwanza ilipokuja, na Mwanza nikapanda basi linalofuata ziwa kwenda kaskazini. Kushoto maji, kulia mbuga, na mimi katikati nikiwa nimebana begi katikati ya miguu. Baada ya Lamadi niliona pundamilia kwa mara ya kwanza, na mama aliyekaa karibu nami hakugeuza hata shingo. Bunda walipanda akina mama wenye ndoo za maziwa ya mgando, wakaanza kuongea lugha ambayo sikuelewa neno, lakini nilisikia kwamba wanataniana. Tulipoingia Musoma jua lilikuwa linapiga kwenye mawe makubwa ya mjini, na upepo wa ziwa ulinipiga usoni kama mtu anayekuambia amka.

Mwalimu aliishi mtaa wa Iringo, katika nyumba ya vyumba viwili na sebule, yenye kuta ambazo hazikufika kwenye bati. Ukikohoa chumbani, wa sebuleni anakuambia pole. Kinanda kilikuwa na meza yake chenyewe, kimefunikwa kitambaa cheupe kilichofumwa kwa mkono, wakati sisi tulikula chini kwenye mkeka. Sikuwa nimetua begi Mwalimu alipobonyeza nota moja na kuniambia nipande ngazi. Niliimba do mpaka do, na vumbi la reli ya Kaliua bado liko kooni. Chini ya meza kulikuwa na msichana anatafuna muhogo wa kuchoma.

"Huyu anaimbaga kwa pua," alisema.

"Nyabise, msalimie kaka yako kwanza."

"Shikamoo kaka. Unaimbaga kwa pua."

Alikuwa darasa la nne, mwembamba, magoti yamejaa makovu. Mwalimu alinitazama kwa aibu kidogo na fahari nyingi. Akaniambia nifumbe kinywa, nivute pumzi kutoka tumboni, nirudie. Nilirudia. Nyabise alifikiri, akasema sasa ni afadhali, ila ile fa yangu imechoka. Sijawahi kupokelewa vizuri zaidi ya pale katika nyumba yoyote. Mahali pengine watu hukukaribisha wakakusahau; pale walinisikiliza kwanza.

Chakula kilikuwa ugali wa muhogo uliochanganywa na mtama, mweusi na mzito, wa kukaa tumboni mpaka kesho. Mama Nyabise alikuwa akinunua samaki mwaloni, mitumbwi inapotia nanga, na kuwauza sokoni, kwa hiyo siku biashara ilipokuwa nzuri tulikula furu, wale wadogo wenye miiba, kwa sababu sato wakubwa wote walikuwa wameuzika, na siku mbaya tulikula sato. Ilinichukua muda kuelewa hesabu hiyo ya kinyumenyume. Tukimaliza, yeye alikusanya vyombo akisema kila siku neno lilelile: "Tumekula, na kimebaki." Alilisema hata sufuria ikiwa imekwanguliwa mpaka chini. Nilipouliza nini kimebaki, alicheka. "Wewe kijana wa Mpanda, si umebaki wewe?"

Mwalimu alikuwa na kitabu kimoja kilichopoteza jalada, alichopewa na padre mzee wa kizungu, kinachoeleza maisha ya mtoto mmoja wa Ulaya ya zamani aliyekuja kuwa mtunzi mkubwa. Alipiga kinanda kabla hajajua kusoma, akatunga akiwa na miaka mitano, na baba yake akamzungusha kwa magari ya farasi kwa wafalme, wakamfunika macho, wakafunika na vidole vya kinanda kwa kitambaa, naye akapiga tu. Mwalimu aliisimulia habari hiyo kwenye mkeka mara nyingi sana, kila mara akiongeza baridi na theluji. Mama Nyabise alikuwa na maswali yake.

"Huyo mtoto aliendaga shule?"

"Alifundishwa na baba yake."

"Na vyombo nani alikuwa anaosha?"

"Alikuwa na dada mkubwa, naye alipiga kinanda."

"Basi ni dada," alisema Mama Nyabise, na sisi tukacheka, Mwalimu mwenyewe akacheka. Lakini Nyabise aliuliza jambo jingine. Aliuliza kama yule baba naye alikuwa mtunzi. Mwalimu akasema ndiyo, mzuri tu. "Akaendelea kutunga?" Mwalimu alichambua mwiba wa furu kwa muda. "Kitabu kinasema aliacha. Alimsikia mwanawe, akaona haina haja." Mama Nyabise aliinua macho akamtazama mumewe, kisha akamwongezea mchuzi bila kuombwa.

Hapo lazima nieleze kitu ambacho kila mtu wa kwaya yetu alikijua. Mwalimu Magesa alikuwa ametunga nyimbo tangu ujana wake. Alizijua kanuni zote, aliandika nota safi, na kwaya iliziimba kwa heshima mara moja au mbili, halafu hakuna aliyeziomba tena. Mafuru, mvuvi aliyeimba sauti ya tatu pamoja nami, alisema nyimbo za Mwalimu ni kama ugali bila mboga: unashiba, lakini huwezi kumsimulia mtu. Alisema kwa mapenzi, maana walimpenda. Lakini katika kwaya zetu, wimbo kabla haujaimbwa mbele ya watu, kiongozi husimama na kutaja jina la mtunzi. Mwalimu alikuwa akilisikia jina lake likitajwa, anainamisha kichwa, na wimbo ukiisha unasikia watu wanakohoa. Alikuwa na hamu ya siku moja jina lile litajwe na watu wakae vizuri kwenye mabenchi.

Mwaka ule aliamua kuzunguka na Nyabise kama kile kitabu kilivyoeleza. Jumamosi tulibeba kinanda na betri yake, tukaenda Kiriba kwa ndugu zake, tukaenda Nyamuswa, tukaenda Butiama nyumbani kwao Mama Nyabise. Alimfunga mtoto macho kwa kitenge cha mama yake na kuwaambia watu wagonge chochote. Waligonga sufuria, jembe, chupa za soda. "Hiyo ni la." "Hiyo ni mi, lakini imezidi kidogo." Butiama mjomba wake aligonga kengele za ng'ombe moja baada ya nyingine, na Nyabise akataja nota zote, kisha akasema kengele ya ng'ombe mwekundu na ya yule mwenye pembe moja zikigongwa pamoja zinagombana, afadhali wabadilishane. Mjomba alizibadilisha palepale. Mama zake wadogo walitupatia maziwa kwenye kibuyu, na kila mmoja wao alitaka kumshika mtoto kichwani kana kwamba kuna joto linatoka. Nilikuwa na furaha isiyo na sababu siku zile. Nilikuwa nikibeba betri begani kwenye njia za mawe, nyuma ya mtu na binti yake wanaobishana kuhusu nota, na sikutamani kuwa mahali pengine. Mtu wa aina yangu anajua jambo hilo ni adimu kiasi gani.

Wimbo wenyewe ulizaliwa asubuhi moja ziwani, tukiosha dagaa. Nyabise alianza kuvuma maneno ya mama yake, tumekula na kimebaki, akiyarudia huku na huku mpaka yakapata miguu. Hakuandika kitu. Alinigeukia akaniimbia mstari, akasema huu ni wako, ushike usiachie. Akaenda kwa Mafuru aliyekuwa anashona wavu, akampa besi aishike kwa muda. Mama yake akapewa sauti ya pili akiwa na kisu mkononi. Tulipoziweka pamoja, mtu aliyekuwa anapita na baiskeli alisimama, akaweka mguu chini. Ulikuwa wimbo mwepesi. Ulipofika kwenye neno "kimebaki", sauti tatu zilisimama na besi ikaendelea kushuka peke yake polepole, kama mtu anayeteremka ngazi na taa. Mwalimu alikuja akausikia kutokea juu ya mawe. Hakusifu. Aliuliza tu besi ni nani atakayeishika, na Nyabise akasema, "Wewe."

Ndani ya mwezi huo kwaya nzima iliujua, na watu wakaanza kuuomba. Na maneno ya watu yakaanza. Nyamuswa, siku ya mnada, tulikuwa tunakunywa chai nyuma ya kibanda, mimi, Nyabise na baba yake, tukasikia watu wawili upande wa pili wa turubai. "Mtoto wa darasa la nne atunge vile? Ni baba yake huyo. Mtoto ni kinanda chake tu." Mwenzake akacheka, akasema kama ni yeye basi hatimaye amejifunza. Nilimtazama Mwalimu nikitegemea atasimama. Hakusimama. Alipuliza chai yake. Na usoni mwake, Mungu amrehemu, niliona kitu kinachofanana na raha.

Mama Nyabise naye alikuwa amesikia habari hizo sokoni. Mchana mmoja, nikiwa sebuleni nafunga betri ya kinanda, sauti yake ilipita juu ya ukuta usiofika kwenye bati.

"Watu wanasema wimbo ni wako. Na wewe unanyamazaga."

"Sijasema ni wangu."

"Hujasema si wako."

 Kisha yeye tena, kwa upole zaidi: "Baba Nyabise, ule mkutano wa kwaya Bunda, watatajaje?"  

Mkutano ulikuwa wa kwaya za mkoa mzima. Siku moja kabla, walimu wa kwaya walikaa katika darasa moja Bunda kupitia nyimbo, nami nikiwamo kwa kuwa nilibeba kinanda, na mwenyekiti wao alikuwa Mzee Wambura, mtu mnene mwenye sauti ya ngoma, aliyezoea kuogopwa na asiyekuwa mbaya. Alikuwa ameusikia wimbo wetu na maneno yanayoufuata. Alimwita Nyabise mbele, akampa karatasi yenye mistari michache ya kushukuru mvua, akamwambia akatunge, baba yake abaki ndani na sisi. Nyabise alisoma, akatoka nje. Tukaona dirishani ameingia kwenye mchezo wa rede na watoto wa pale, anakwepa mpira, anapiga kelele. Mwalimu Magesa alikuwa anatoa jasho mpaka kola imelowa. "Anatunga hivyo?" aliuliza Mzee Wambura. Mwalimu akajibu, "Sijui anatungaje, mzee. Sijawahi kujua."

Alirudi anahema, nywele zina vumbi. Hakuimba peke yake kama walivyotegemea. Alianza kugawa. Mimi na mwalimu mmoja wa Butiama tulipewa sauti ya tatu, akina mama wawili ya pili, yeye akachukua ya kwanza, na akaenda mpaka kwenye meza ya mwenyekiti. "Shikamoo mzee. Wewe ni besi. Sikiliza." Mzee Wambura alisikiliza. Aliimba. Nyabise akamsimamisha. "Unashuka mapema, mzee. Subiri sisi tufike." Walimu waliangalia sakafu kuzuia kicheko. Mzee alirudia, akasubiri, akashuka mahali pake, na wimbo ulipoisha aliendelea kushikilia ile nota ya mwisho hata baada ya sisi kuacha, macho yamefumba.

"Haya," alisema alipofungua macho. "Nimeamini. Nyimbo ni za mtoto." Kisha akamgeukia Mwalimu, na sauti yake ikawa ya mtu mzima anayemsaidia mtu mzima. "Lakini kesho kuna wageni wa mikoa mingine. Nikisimama nitaje mtoto wa darasa la nne, watasema Mara haina walimu. Nitataja jina lako. Wewe ndiye uliyemlea, wewe ndiye uliyemfundisha do. Hakuna uongo mkubwa hapo."

Hakuna aliyepinga. Wengi waliona ni jambo la busara. Na Nyabise, ambaye alikuwa anakung'uta vumbi kwenye sketi, akasema bila kinyongo chochote, "Mimi sina shida. Mtajeni Baba. Yeye ndiye ana hamu."

Nimewaona watu wakipigwa katika maisha yangu, lakini sijaona mtu akipokea kitu kizito kama Mwalimu alivyolipokea neno lile. Alitoka nje. Tulimwona amesimama uwanjani, mahali watoto walipokuwa wanacheza, mikono nyuma. Nilielewa, hata kwa ujinga wa umri wangu, kwamba anachopewa ni kile alichokitafuta maisha yake yote, anapewa na mwenyekiti, na mwenye nacho ameridhia. Angeweza kukipokea na asilaumiwe na mtu yeyote katika chumba kile. Nadhani hata mkewe angemsamehe, baada ya muda.

Aliporudi hakukaa. "Mzee," alisema, "nimetunga nyimbo nyingi. Mnazijua, na hamziimbi. Siwalaumu. Huu hauna nota yangu hata moja. Kama jina la mtoto haliwezi kutajwa, kesho tutaimba zile zangu za zamani."

"Zile zako za zamani?" Mzee Wambura alionekana kuogopa kweli, na darasa zima likacheka, na Mwalimu akacheka nao. Mzee akakuna kichwa. "Basi utasimama wewe mwenyewe uwaambie wageni. Mimi sitaki maswali."

Kesho yake alisimama. Kanisa lilijaa mpaka madirishani. Alikuwa amevaa koti lake la harusi, ambalo lilikuwa limembana, na hakuhutubia. Alisema, "Wimbo huu unaitwa Kimebaki. Mtunzi ni Nyabise, mwanafunzi wa darasa la nne, Musoma. Mimi ni mwimbaji wake wa besi." Kisha akatembea kuingia kwenye mstari wa wavuvi. Watu walikaa vizuri kwenye mabenchi. Mama Nyabise, aliyesimama katika sauti ya pili, hakumtazama mumewe wakati wote wa wimbo, na nilijua ni kwa sababu angemtazama asingeweza kuimba.

Baada ya Bunda, kitenge kilirudi kwa mwenyewe. Hatukuzunguka tena kugongewa sufuria. Jumamosi Nyabise alikwenda ziwani na wenzake, na alipokuwa na wimbo aliuleta, na asipokuwa nao hakuna aliyemwuliza. Mwalimu hakutunga tena. Wakati ule nilimhurumia, nikadhani amezimika. Sasa nina umri unaozidi wake wa wakati ule, na ninafikiri tofauti. Nimesikia nyimbo za Nyabise Singida, Songea, hata kule machimboni ambako kwaya ilikuwa na watu sita na bati lililotobolewa na risasi. Hakuwa maarufu kama yule mtoto wa Ulaya. Ni mwalimu wa sekondari, ana watoto wake. Lakini kiongozi akisimama kutaja jina la mtunzi, ni lake. Mara nyingi nimekuwa mgeni peke yangu katika kanisa la watu nisiowajua, nikasikia jina lile, na nikajua mahali pa kuvuta pumzi.

Niliondoka Musoma mwaka ulipogeuka. Matokeo yalikuwa yametoka kama nilivyotarajia, na rafiki alikuwa amenipatia kazi ya ghala Shinyanga, na basi langu lilikuwa la mchana. Ilikuwa siku ya mazoezi. Tulikuwa tumeagana asubuhi, Mama Nyabise amenifungia furu wa kukaanga kwenye gazeti, Mwalimu amenishika mkono kwa muda mrefu. Nyabise alisema tu nisirudi kwenye pua. Lakini nikapita kanisani na begi langu, nikaimba nao mwanzo, nimesimama mahali pangu, kati ya Mafuru na ukuta. Nyabise alikuwa anaongoza, amesimama juu ya kreti la soda ili aonekane, na baba yake alikuwa mstari wa nyuma, karatasi ameishika mbali na macho, anasubiri zamu yake. Muda wa basi ulifika wimbo ukiwa katikati. Nilichukua begi, nikatoka kwa mlango wa pembeni. Nyabise aliniona. Hakusimamisha wimbo. Mkono wa kulia uliendelea kupiga mwendo, na kwa wa kushoto akamwashiria Mafuru asogee, naye Mafuru akasogea hatua moja, akasimama nilipokuwa nimesimama, na kutoka nje, nikishuka kwenda stendi, nilisikia sauti ya tatu ikiwa nzima.